Wakili wa Grupu la Mtaa

...na hapo ndipo nitakapommaliza huyu Rubab kwenye grupu la WhatsApp, kwamba sheria haisomwi darasani tu, binti, sheria tunaishi nayo huku mtaani, sawa, hiyo imekaa vizuri, halafu naweka na ile sitika ya mzee anayekunywa chai kwa madaha, grupu zima litacheka na Rubab atanyamaza, mashine ya fotokopi inanguruma nyuma yangu na mwalimu Elinaza amesimama kaunta akisubiri vyeti vyake, "Mbele na nyuma, Baba Salma, usisahau," sisahau mwalimu, miaka kumi na tisa nafanya mbele na nyuma hapa jirani na mahakama ya mwanzo, nani Kinondoni hii hajachapiwa karatasi na Mwishehe, ndiyo maana wakaniita Wakili, mie sikujiita, walianza wao, Wakili, mwenye nyumba anaweza kunikatia umeme? Wakili, trafiki akishika leseni yangu? na mie najibu, tena haraka, maana kwenye grupu letu anayejibu wa kwanza ndiye anayejua, wa pili anaonekana mbishi tu... huyu Rubab sasa, mwaka wa tatu wa sheria, katoka wapi mchana huu, "Shikamoo baba Mwishehe, naomba nikurekebishe kwa heshima," kwa heshima mbele ya watu mia mbili na ushee! angenifuata pembeni, inboksi ipo, lakini hapana, palepale chini ya jibu langu la Jumapili, na Praygod hakuchelewa, "Wakili leo umepigwa na kitu kizito," Praygod huyo ambaye Jumapili yenyewe nilikuwa nabishana naye tangu asubuhi, habari za uchaguzi na katiba, akaniambia mie naijua katiba kwa jalada tu, watu wakacheka, nikawa nimevurugwa kweli, nakula wali siusikii utamu wake, ndipo katikati ya vurugu ile da Mwajabu akaandika...

Nausoma tena ujumbe wake, nilikuwa nimesahau kwamba aliandika kwa adabu vile. "Samahanini kwa kuingilia mada, mume wangu Ismail alifariki mwezi wa pili, mashemeji wamenipa mpaka Ijumaa nitoke, wanasema nyumba ni ya ukoo, naomba kueleweshwa," na mie nikaona hii hapa nafasi ya kurudisha jina, mkono mmoja kwenye kijiko mkono mmoja kwenye simu, "Dada, hati ina jina la marehemu, hapo huna chako, kikao cha ukoo kikishaamua ndiyo basi, kubali yaishe," watu wakamwaga vidole gumba, na da Mwajabu akajibu "Ahsante Wakili," basi, hakuuliza tena, na mie nikarudi kwa Praygod kumalizia ya katiba, yaani kumjibu yule mama hata wali haukupoa. Jumapili ile. Leo Alhamisi.

"Baba Salma, imekwama?" Hapana mwalimu, inavuta karatasi, dakika moja tu... anasema Rubab kwamba ukoo haumtoi mjane kwa kikao, mirathi inafunguliwa mahakamani, msimamizi anateuliwa huko, na mjane mwenyewe anaweza kuomba awe msimamizi, kaandika mistari minne tu, hana hata alama ya mshangao, na chini yake mtu akatupia, "Mhindi anajua nini mambo ya kwetu," na mie nikaweka emoji ya kucheka, mie, mkono huu huu, wakati mtoto huyu Rubab kazaliwa mtaa wa pili kutoka kwangu, kasoma darasa moja na Salma wangu, na baba yake, mzee Kutbuddin, siku ya msiba wa mama yangu alileta maturubai kabla sijamaliza kumpigia simu, akavua viatu akakaa mkekani na wafiwa mpaka alasiri, mambo ya kwetu, ya kwetu yapi sasa... naifuta ile emoji, inafutika kirahisi, lakini aliyeiona kaiona.

Na kinachoniuma si kwamba kanirekebisha, kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua, Jumanne mie mwenyewe nimemchapia mama mmoja wa Magomeni, "Mimi, mjane wa marehemu, naiomba mahakama yako tukufu," nimechapa maneno hayo sijui mara ngapi miaka yote hii, vidole vinayajua hata nikifumba macho, Mwishehe unajua! lakini Jumapili hukuwa unamjibu da Mwajabu, ulikuwa unamjibu Praygod, ulitaka kusikika, na yule mama akachukua kelele zako akazifanya sheria, kesho Ijumaa, anatoka kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe kwa sababu Wakili kasema... haya futa, futa yote, sheria tunaishi nayo, futa, mzee wa chai naye aende zake, andika, Rubab yuko sahihi, hapana, anza na lako kwanza, "Nilikosea. Nilichomwambia da Mwajabu si kweli. Rubab yuko sahihi, ahsante mwanangu, na unisamehe kwa kile kicheko." Kidole kinaganda juu ya kitufe, Praygod atanichora na kunicheka mwaka mzima, achore, tuma, imekwenda, na ajabu, mashine bado inanguruma, mwalimu Elinaza bado anajipepea na bahasha, paa halijashuka... Rubab katuma moyo, Praygod anaandika, simsubiri, napiga simu, inaita, inaita, pokea dada, pokea.

"Wakili, shikamoo."

"Marahaba. Da Mwajabu, usitoke. Umenisikia? Nilikudanganya, nilijibu kwa pupa. Hakuna wa kukutoa kwa kikao."

Nasikia nyumba ikivuma nyuma yake, namna nyumba inavyovuma ikiwa imeanza kuondolewa vitu. "Mbona nishavua mapazia," anasema taratibu, kama anaungama yeye.

"Yarudishe."

"Yote? Hata la chumbani?"

"Yote, dada. Kesho saa mbili njoo dukani na cheti cha kifo na cha ndoa, tutaandika maombi, namwomba Rubab aje ayasome kabla hatujapeleka. Shemeji akija mwambie mnakutana mahakamani."

Ninatega sikio, analia au anacheka, sijui, halafu namsikia anaweka simu mahali bila kuikata, na kiti kinaburutwa kuelekea dirishani.