Zamu ya Maman Régine

Wiki nzima Maman Régine alizikwepa simu za ofisi ya bima kama binti anayemkwepa mchumba asiyemtaka. Ofisi hiyo ndiyo iliyomtunzia akiba ya uzeeni, aliyowekewa na mwajiri wake, nyumba ya wazee ya Ganshoren. Sasa umri umetimia, pensheni ya serikali inaanza yenyewe, na sheria haina huruma: akiba nayo itoke, utake usitake.

Yeye hakutaka, kwa sababu kazi alikuwa hajaichoka. Nani angemtania mzee Jef mpaka acheke na kufungua mdomo kunywa supu? Na alijua mambo yanavyokwenda. Mwenzake Claudine alipokea akiba mwaka jana, akakatiwa keki, hakuonekana tena kazini. Ukipokea, umeaga.

Binti yake Carine, mtoto mgongoni, ndiye aliyemburuta mpaka kwenye ofisi hiyo karibu na Flagey. Katika tramu Maman Régine alitulia tuli, maana dawa alikuwa ameshaipata. Kwenye likelemba yao, wamama wa parokia ya Laeken, kila mmoja huchanga na kila mmoja hupokea mchango wote kwa zamu yake. Zamu ikikukuta huna shida, unampisha mwenye shida, na hakuna anayenuna.

Kwa hiyo alipoketi mbele ya Dimitri, kijana wa bima, hakungoja kuulizwa.

“Bon, monsieur. Zamu yangu mumupe Lutgarde. Tunatumika naye kule kwa wazee, magoti inamuuma, yeye anapenda kupumuzika. Mimi nitangoya.”

Dimitri aliweka kalamu chini. Carine alitazama dari.

“Maman, hii haiko likelemba.”

Dimitri, kwa upole, alieleza kwamba akiba hii ina jina la mtu mmoja, haimpishi mwingine. Kuikataa hakuna: itakatwa kodi, na inayobaki itaingia benki.

Maman Régine alishusha sauti. “Na kazi yangu, ndiyo inaisha?”

Dimitri akashangaa nani alimwambia hivyo. Kinachofungwa ni akiba, si kazi. Kwa umri wake, mwajiri akimpa mkataba mpya, atafanya kazi huku pensheni ikiingia.

“Na Claudine?”

“Claudine alirudia Bukavu, maman,” Carine alisema. “Alijenga kule. Si ulimusindikiza mwenyewe airport?”

Maman Régine alifikiri kidogo, kisha akamgeukia Dimitri kama vile yeye ndiye aliyekuwa hashiki simu. “Alors, mbona mulinichelewesha hivi?”

Alasiri hiyohiyo alibisha mlango wa mkubwa wake kazini, Marie-Laure, Carine akimfuata nyuma; mwajiri halazimiki kutoa mkataba mpya. Marie-Laure alimsikiliza, akashusha pumzi ndefu. Kumbe naye kwa wiki nzima alikuwa akiogopa kumuuliza lini anaondoka. Akamwomba abaki, afanye siku nne kwa wiki.

“Tatu,” alisema Maman Régine, naye akijishangaa. “Jumatatu na jumatano, mangaribi, nitabakia na mutoto wa Carine. Mama yake anaenda masomo.”

Carine, pale mlangoni, aligeuza uso upande wa ukuta, asionekane anavyofurahi.

Wakakubaliana. Maman Régine alivaa koti lake jeupe, akauliza kama kuna mtu aliyewapa wazee chai, maana saa ilikuwa imepita.