Kidumu Kikisimama

Katika nyumba ile hakuna aliyemwomba baba jambo bila kupitia kwa Hakimu. Hakimu alikuwa mtu wa bati, mfupi kuliko kidole gumba, mwenye koti jeupe, na makazi yake yalikuwa ndani ya behewa la maziwa la treni ya kuchezea ambayo baba aliitandikia reli juu ya meza kubwa ya sebuleni. Ukibonyeza kitufe, mlango wa behewa unafunguka, Hakimu anatoka mbio na kusukuma kidumu cha maziwa hadi kwenye jukwaa la stesheni. Kidumu kikisimama, umekubaliwa. Kikianguka, umekataliwa.

"Siyo mimi," baba alipenda kusema, mkono mmoja ukiwa umetulia juu ya transfoma, kisanduku cha umeme wa treni. "Mimi nani? Hakimu kaamua."

Binti yake, waliyempachika jina la Jino kwa kuwa alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, aliyaamini hayo kama watu wanavyoiamini mvua: hainyeshi kwa upendeleo. Vidumu vyake vilikuwa vikianguka tangu utotoni, naye alihesabu kwamba hana bahati, basi.

Lakini sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mama yake, aliyeachika zamani, alikuwa amevunjika nyonga na kulazwa kwenye godoro, kwenye ujia wa nyumba ya mama mdogo. Kila aliyekwenda chooni alimruka. Na mama mdogo alishasema wazi: "Mwanangu, binti yangu anarudi na mumewe na watoto. Wiki ijayo mtafutie mama yako pengine." Pengine palikuwa mahali pamoja tu, chumba cha uani kwa baba, kilichojaa vigae vilivyobaki na baiskeli isiyo na magurudumu.

Jumapili baada ya chakula Jino alisema shauri lake, akabonyeza. Behewa lilinguruma. Mlango ulifunguka nusu, Hakimu akachungulia kwa jicho moja, kisha mlango ukambana shingo.

Shangazi, dada yake baba, alijipiga makofi mapajani. "Hata Hakimu hataki kusikia habari za mwanamke yule!"

"Kabanwa kama gego," alisema kaka yake Jino. "Dada, si kazi yako hiyo? Mng'oe!"

Baba hakucheka. "Kesi imekwama. Litengeneze behewa mwenyewe, Jumapili uje tena."

Siku baba alipokwenda kwa kinyozi, Jino alitandika taulo mezani, akapanga vyombo alivyoazima kazini: kijioo chenye mpini, sindano ya kukwangua meno, koleo nyembamba, pamba na spiriti. Shangazi alikuwa kwenye kochi akichambua mchele. Jino aligeuza behewa miguu juu, akafungua skrubu, akainua bodi. Ndani palikuwa na waya mwekundu uliozungushwa kuwa koili, kijiti cha chuma kilichotakiwa kuingia na kutoka katikati yake, na springi ya kukirudisha. Kijiti hakikusogea hata alipokivuta. Alikinusa.

"Shangazi, kuna mafuta ya nywele humu."

"Ni mimi," alisema shangazi bila haya. "Lile shauri langu la friji. Nilitaka kumlainisha Hakimu kidogo."

"Mafuta ya nywele yanashika vumbi, yanakuwa gundi!"

"Friji si nilipata?"

Jino alikwangua ule utando mweusi, akafuta kwa spiriti hadi chuma kikang'aa. Kwa kijioo aliona kidumu kimoja kimekingama kwenye njia yake, akakinyanyua kwa koleo taratibu, kama anavyotoa kipande cha jino kwenye fizi ya mtoto. Alinyoosha mlango. Alimpangusa Hakimu uso. Aliporudisha kila kitu mahali pake, alishika mpini wa transfoma unaoongeza na kupunguza umeme, akauweka chini kabisa asije akaunguza koili, akabonyeza. Hakimu alitoka kwa adabu, akakisukuma kidumu, kikasimama.

Alijaribu tena, kikasimama. Kisha, kwa kutaka tu kujua kama kijiti kimepona, alipandisha mpini. Hakimu alichomoka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na kidumu kikaanguka. Aliushusha, kikasimama. Aliupandisha, kikaanguka. Hakikukosea hata mara moja.

Akaukumbuka ule mkono uliotulia juu ya transfoma.

Mtu mwingine angelia, au angelivunja behewa. Jino alijiwa na matumaini. Masikini, aliwaza, tumechezewa shere sote. Wakijua, wataona haya kwa ajili ya mama. Baba mwenyewe ataona haya. Hakuna mtu mbaya kiasi cha kurudia jambo ambalo kila mtu analiona.

Jumapili ilipofika, aliwaambia wote wakiwa mezani. Alieleza koili na mpini, kwamba umeme ukiwa mdogo kidumu husimama, ukiwa mwingi huanguka. "Kwa hiyo siyo Hakimu, baba. Ni kidole chako. Nakuomba leo uuache mpini chini. Mama hana pa kulala."

Kisha shangazi alianza kutikisika, akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikamtoka.

"Jamani! Mtoto wa watu alikuwa hajui!"

"Hujui kweli, dada?" Kaka yake alimkodolea macho, karibu kwa huruma. "Ulidhani mimi namwosha baba miguu wiki nzima kwa nini? Unamlainisha mzee kwanza, ndipo unakuja kwa Hakimu. Sote tunajua."

"Mimi yale mafuta ya nywele nilimpaka kaka yangu kichwani kwanza, Hakimu alipata masalio tu," alisema shangazi, akijifuta machozi.

Jino alimtazama baba. Baba alikuwa anatabasamu, kwa upole, kama mtu anayemwangalia mtoto akijaribu kuvaa viatu vya mkubwa.

"Miaka yote nilijiuliza," alisema, "huyu ananidharau au ni mjinga? Kumbe. Haya, bonyeza."

"Baba..."

"Bonyeza, mama. Tusiharibu utaratibu."

Alimwona akiupandisha mpini mpaka mwisho, waziwazi, bila haraka. Na bado alibonyeza, kwa kuwa kule kwenye ujia mtu alikuwa anamsubiri, na kwa kuwa hata sasa alifikiri huenda kidole kile kingemhurumia dakika ya mwisho. Hakimu alichomoka. Kidumu hakikuanguka jukwaani; kiliruka juu ya reli, kikapita bakuli la chumvi, kikadunda sakafuni na kupotea chini ya meza.

Baba alishangilia kwa dhati. "Mikono yako imebarikiwa! Zamani hakikuwa kikifika mbali hivi."

"Na mama?"

"Umeona mwenyewe."

Kaka yake alikuwa ameshavuta kiti karibu na kitufe. "Kiokote hicho basi, dada, zamu yangu imefika."

Jino alipiga magoti akaingia chini ya meza. Palikuwa na giza na harufu ya viatu. Alipapasa sakafuni, na juu yake, mmoja baada ya mwingine, bila kukatiza mazungumzo, waliinua miguu kumpisha.