Alama ya Apaloris

Wazee wa akina Ekeno, mchumba wa binti yetu Awoi, walitaka kujua kitu kimoja tu kabla ya kuzungumzia mifugo ya mahari: Awoi ni wa emachar gani? Emachar ni ukoo wa upande wa baba, na pia ni alama ambayo ukoo huo huichoma kwenye mifugo yake. Wenye alama moja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana. Hawaoani.

Mume wangu Lomuria aliangalia viatu vyake. Hakujua.

Njaa ya mwaka 1961 ilimkuta akiwa na miaka minne hivi. Nyanya yake alimbeba hadi kambi ya chakula hapa Lodwar, akafa, na mtoto akalelewa na mapadri. Mimi nilizaliwa mjini. Tulifunga ndoa kanisani, na padri hakumuuliza mtu alama. Miaka ishirini hatukuhitaji kujua.

Nina diploma ya ustawi wa jamii. Kutafuta watu kwenye mafaili ndiyo kazi yangu. Nikamwambia Awoi atulie, jibu atalipata.

Kitabu cha ubatizo cha misheni kilisema, "Lomuria, mjukuu wa Apaloris." Nilitoka pale natembea kwa madaha. Kisha nikafungua vitabu vya kodi vya zamani katika ofisi ya wilaya. Kulikuwa na Apaloris wa Kalokol, Apaloris wa Kainuk, Apaloris kila mahali. Karani alicheka.

"Madam, hilo si jina la mtu. Ni jina la ng'ombe."

Nilijua, ila nilikuwa nimejisahaulisha. Mwanamume wa Kiturkana huitwa kwa dume lake analolipenda. Mwenye dume la madoa kama ya chui ni Apaloris. Padri aliuliza jina la babu, na mtoto akataja lile alilozoea kulisikia likiimbwa zizini. Jina ambalo mtu huyo alipewa alipozaliwa halikuandikwa popote.

"Achana nayo, mama Awoi," Lomuria aliniambia. "Taja ukoo wowote ambao si wao. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Nikaendelea kuuliza hadi sokoni. Muuza tumbaku mmoja akasema kuna bibi kizee Kakuma anayeitwa Abei. Wakati wa njaa ile mama mkwe wake alimbeba mjukuu, mtoto wa kaka wa mumewe, kwenda Lodwar, na hawakurudi.

Ekeno mwenyewe ndiye aliyenipeleka. Aliendesha lori la maji la kambi ya wakimbizi, na siku hiyo alikuwa anarudi Kakuma. Njia nzima aligeuza uso, maana mkwe humwonea haya mama mkwe.

"Bado hujaoa," nilimwambia. "Niangalie tu. Kisha uangalie barabara."

Alicheka. Nilimpenda kijana yule, na sitaki kusema vingine.

Tulimkuta Abei karibu na ukingo wa kambi akiuza kuni, akibishana na mteja wake, mama wa Kisudani aitwaye Nyakim.

"Hizi ni mbichi!" alisema Nyakim.

"Mbichi? Kuni imekauka kuliko mimi! Unataka nini tena, nikupikie?"

Nyakim alichukua mzigo wake akicheka. Tukasalimia. "Ejok." Abei alinikagua kuanzia chini.

"Huyu ya viatu ya ngozi ni nani?"

"Ni mke wa Lomuria," Ekeno akamwambia. "Yule mtoto aliyepelekwa Lodwar wakati wa njaa."

Mkono wa Abei ulisimama juu ya kuni. "Lomuria alikufa."

"Hajafa, mama," nikasema. "Ana kitambi."

Alicheka, halafu akalia, halafu akanishika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa na haraka. Nikafungua faili langu.

"Mama, babu yake aliitwa nani? Si Apaloris. Jina lake lenyewe."

"Niseme mimi? Ni baba ya bwana yangu! Nani alikufunza wewe?"

Mke hatamki jina la baba mkwe, hata akishakufa. Nikaanza kumsomea majina kutoka vitabu vya kodi ili atikise kichwa tu. Akaziba masikio.

"Jina ya nini? Ng'ombe yake iko na alama."

Akachomoa kijiti kwenye mzigo, akachora mchangani: mstari mrefu uliopinda juu kama mkia wa nge, na vidoti viwili chini yake.

Mimi sikuitambua. Ekeno aliitambua. Alienda hadi kwenye lori, akarudi, akaweka mguu wake juu ya mchoro.

"Mama, mimi sijaona kitu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na wewe hujaona."

"Ni ya kwenu?"

Alizidi kuukandamiza mguu mchangani.

"Anakanyaga nini huyu?" Abei akauliza. "Wewe ni ya nyumba ya nani?"

Ningeweza kumkatiza. Ningeweza kusema tumechelewa. Nilisimama na faili langu nikasubiri, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. Ekeno akataja jina la baba yake, kwa adabu, kama alivyolelewa.

Abei alipiga makofi. "Ni mtoto yetu! Leo nimepata wawili!" Akatutemea mate ya baraka vifuani, yenye tumbaku, mimi kwanza, kisha yeye. Akasema atakuja Lodwar kumwona Lomuria, na atawaambia wazee wote.

Ekeno alinitafutia gari jingine la kurudi. Kabla sijapanda alisema, "Pale ofisini ulipokosa, ungeacha."

Nikapanda na faili langu.

Nyumbani Lomuria alitaka nimchoree ile alama. Nikaichora nyuma ya bahasha. Aliipitisha kidole mara nyingi, akauliza Abei anafananaje, kama amewahi kumtaja, kama ng'ombe wa ukoo huo bado wapo. Sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo.

Awoi akaingia akitoka kazini. Alimtazama baba yake, na uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe inawezekana!" alisema.

Nikamwambia aketi.