Zimwi Lililomla Bwanaheri

Mwaka mitumba ilipoanza kujaa sokoni Mohoro, zimwi lilimla Bwanaheri alipokuwa akikata mikoko Maparoni. Mkewe, Mashavu, alikaa eda yake yote akinoa shoka. Ilipoisha, aliingia mikokoni na shemeji zake wawili, Tahiri na Abubakary, ambao walikuwa hawajawahi kupigana hata na nguruwe.

Walilikuta limejilaza topeni. Likamsemesha Mashavu kwa sauti ya marehemu. "Mashavu, mke wangu, nihurumie."

Tahiri alidondosha mkuki. "Shemeji, huyu ni kaka."

"Kaka yako aliniita mama Faraja tangu tulipopata mtoto," alisema Mashavu. "Jina langu hakulitamka tena."

Akalipiga shoka la kichwa. Lilikufa, naye akaendelea kulipiga mpaka Abubakary alipomshika mikono.