Rangi Hukaguliwa Juani

Haya, sogea karibu nikutegee. Nina mgeni, hana miguu, lakini akiingia chumba cha watu wawili hulala katikati yao. Umesema mtoto mchanga? Mtoto ana miguu, hata kama hajaanza kuitumia. Umesalimu amri? Basi mgeni huyo ni shaka, na katika chumba hiki alikuwa ameshatandika kabla wenyewe hawajafika.

Kilikuwa stoo nyuma ya karakana ya magari ya wizi. Upande huu alilala mshona viti, upande ule mwanamume mpaka rangi, na katikati turubai limening'inizwa kwenye kamba. Mwanamke alinyakuliwa mlangoni pa kibanda chake cha kushonea, uzi ungali mdomoni, akaletwa amefungwa kitambaa machoni. Kazi yake ilikuwa kuvivua viti ngozi ya zamani na kuvivika mpya, ili hata mwenye gari likimpita asilitambue. Mwanamume yule alikuwa hapo kabla yake. Yeye aliyabadilisha magari sura kwa nje.

Mwenye karakana alitaka aitwe Baba Mkubwa. Hakuwa na ndugu hata wa dawa, ila ndivyo alivyotaka, na nani angembishia? Siku ya kwanza alimketisha mshona viti, akamwambia kwa upole kama anayebembeleza mgonjwa:

"Mwanangu, hapa tunaishi kifamilia. Ukisikia mwenzako anapanga safari, ninong'oneze. Atakayenong'ona kwanza ndiye nitakayemrudisha kwao."

Kwao mshona viti alikuwa na binti mdogo, ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele, aliyebaki kwa dada yake. Hakutaka kingine chochote duniani ila kumwona tena mtoto huyo. Na kama yeye ameambiwa maneno yale, je, wa upande wa pili wa turubai ameambiwa nini?

Jioni moja kipande cha sabuni kilipenyezwa chini ya turubai.

"Dada, nimekata nusu kwa nusu. Oga, umeshinda kwenye vumbi la sponji."

"Umeitoa wapi?"

"Nimepewa."

"Kwa lipi?"

"Kwa sababu nanuka, dada. Kwani mateka hanuki?"

Mwanamke alicheka bila kutaka, kisha akajikaripia. Sabuni ile hakuigusa mpaka asubuhi, na hata hapo aliinusa kwanza.

Halafu cherehani ikavunjika mkononi mwake. Kabla hajafungua kinywa, mpaka rangi akasema yeye ndiye aliyeigonga kwa mtungi wa hewa. Mlinzi wao, waliyemwita Komando ingawa hakuwahi kupita hata karibu na kambi ya jeshi, akamcharaza waya mgongoni. Mshona viti alimkanda kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Moyo ulishaanza kwenda upande wa pili wa turubai bila ruhusa. Akili ikauvuta nguo: hata kipigo hupangwa, mama.

Na lilikuwapo jambo baya zaidi. Kila gari likikauka, rangi ilikaguliwa juani. Ndani ya banda, chini ya taa, mlango na boneti huonekana pacha, kumbe ni mbingu na ardhi. Basi mpaka rangi aliliendesha nje ya geti hadi uwanja mtupu, Komando akiwa naye. Huko Komando alishuka kwenda kutazama kwa mbali, maana tofauti ya rangi haionekani kwa karibu.

"Namwacha peke yake, gari linanguruma," Komando alijisifu akila. "Hasogei hata unyayo! Amefundwa, akafundika."

Mshona viti hakumeza tonge lile. Walipofungiwa alilisogelea turubai.

"Unaachwa peke yako na gari linawaka. Kwa nini unarudi?"

Upande wa pili alisikika akikung'uta blanketi.

"Nakuuliza wewe!"

"Tukishatoka nitakujibu."

"Nani kakuambia natoka na wewe?"

Mkono ukapita chini ya turubai, unanuka petroli, kiganja juu. Aliutazama kama mtu anayetazama nyoka aliyelala. Kisha akaushika.

"Kiti cha nyuma cha hili gari jeupe," mwanamume alinong'ona. "Ndani usijaze sponji. Jiachie nafasi."

Kesho yake Baba Mkubwa alipita, akasimama kando ya cherehani mpya.

"Vipi, mwanangu? Hujasikia lolote?"

Neno moja tu, na angelala kwa binti yake. Au ule ulikuwa mtego, na wanaume wawili wanamcheka?

"Namsikia anakoroma tu, Baba Mkubwa. Kama trekta."

Baba Mkubwa alicheka, akaenda zake. Mshona viti akarudi kwenye mshono. Sasa amejifungia na yule mtu, na ufunguo kautupa.

Siku ya ukaguzi alilalamika tumbo linamkata. Komando, anayeona haya kuchungulia upande wa mwanamke, alipiga kufuli stoo akasema, "Pole, dada!" kwa rundo la ngozi kuukuu lililofunikwa blanketi. Dada mwenyewe alishajikunja ndani ya kiti, mkasi kifuani.

"Leo nakaa nyuma kama bosi," Komando alisema, akajitupa juu yake. Mbavu za mwanamke zikalia. "We, kiti hiki mbona kinapumua?"

"Sponji mpya, kaka. Ikikaliwa na mzito hushusha pumzi."

"Mzito nani?"

Geti likalia. Changarawe. Gari likasimama, uzito ukaondoka.

"Wewe ndiye mwenye jicho, kaka. Mlango na boneti vinalingana?"

"Naona sawa."

"Uko karibu mno. Rudi nyuma."

"Hapa?"

"Bado kidogo."

Gari likaruka. Kelele za Komando zikafifia, na gizani mwanamke alijaribu kujua linakata kona kuelekea wapi. Getini? Kwa Baba Mkubwa, akapokewe kwa makofi? Safari ikarefuka, likasimama. Kiti kikainuliwa, naye akauinua mkasi.

Hapakuwa na geti. Malori yalipita barabarani, na mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo kama kwamba hakuna kilichotokea duniani.

"Toka, twende tukamchukue huyo mwanao unayemtaja usingizini."

Mkono ule ule, kiganja juu. Safari hii hakuushika.

"Hukunijibu. Kila siku ya ukaguzi ungeweza kuondoka. Kwa nini ulikuwa unarudi?"

Mwanamume aliufuta mkono kwenye ovaroli, ukabaki na rangi yake.

"Baba Mkubwa aliniuliza nani anayeweza kushona kiti kikafanana na cha kiwandani," alisema. "Niliwahi kuiona kazi yako. Nilikuwa nimechoka kupigwa. Aliyekutaja ni mimi."