Kikohozi cha Mathenge

Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imekatika, Murugi alikuwa jikoni kwake Gakindu akiosha uyoga kwenye karai. Uyoga mmoja ukakohoa mara mbili, ukasafisha koo. Kilikuwa kikohozi cha shemeji yake, Mathenge, aliyezikwa mwaka uliopita nyuma ya miti ya kahawa. Hospitalini walisema ini. Ukoo ukasema vidonda vya tumbo, na mambo yakaishia hapo.

Murugi aliutoa ule uyoga akautazama. Ulikuwa mweupe, wa kumtia mtu hamu, na shina lake lilikuwa limekatwa kwa kisu. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Marehemu mama mkwe aliwafundisha wote, wanawe na wake zao: uyoga hung'olewa mzima na udongo wake, maana ule wa kuua huota ndani ya kikombe kilichojificha ardhini. Ukiukata, kikombe kinabaki chini na hakuna atakayeutambua. Kingori, mume wa Murugi, ndiye aliyeuleta uyoga huu, naye aliyajua hayo tangu utotoni.

Kingori akaingia akikung'uta matope. Katika ukoo mzima, yeye peke yake ndiye ambaye hakuwahi kusikia kile kikohozi.

"Hizo si zetu," akasema. "Pelekea Beth. Ako peke yake, atapika nini?"

Beth alikuwa mjane wa Mathenge. Kingori alilitaka shamba lake, naye alikuwa amekatalia humo, hatoki ng'o.

"Sawa, Baba Anita," Murugi akajibu, akautia uyoga mfukoni.

Njia nzima mfuko ulikohoa. Jirani yao, Mugo, aliyekuwa akikatia ng'ombe majani, akamsalimu Murugi, akamsalimu na marehemu, akaendelea na kazi yake.

Beth akaupokea mfuko, akautegea sikio. "Ni yeye. Na hiyo sigara nilimwambia aache."

Akachambua. Uyoga uliokohoa akaupanga dirishani, ulionyamaza akautia sufuriani.

"Kingori bado anakata na kisu?"

"Bado."

"Na wewe huwezi sema."

"Naogopa, Beth. Nikisema, nitalala wapi?"

Beth hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikwisha kwenda kwa chifu na uyoga mmoja kwenye bakuli. Chifu aliusikiliza, akampa pole, akasema marehemu hawezi kuandikisha taarifa.

Ikawa hivyo kila mvua iliponyesha. Kingori alikata, Murugi akabeba, Beth akachambua. Dirisha likajaa, na jioni Beth alikaa karibu nalo akifuma sweta, akimsimulia mumewe habari za soko.

Siku moja Kingori akauliza, "Beth ako aje?"

"Ako na nguvu. Amepalilia mpaka mtoni."

Kingori akamkazia mkewe macho. Kesho yake akaleta mfuko, akauweka mezani.

"Leo hizi ni zako. Mimi sina njaa."

Akavuta kiti, akaketi mlangoni. Ndani ya mfuko Mathenge alikohoa kwa upole. Murugi akaanza kuchambua.

"Hizo unatoa za nini?"

"Zimeoza."

Kingori akainuka, akauokota ule uliotengwa, akaunusa.

"Hazijaoza," akasema, akautia wote sufuriani.

Sufuria ikachemka, ikikohoa. Uyoga ulipoiva, Kingori akampakulia mkewe, akampa kijiko, akarudi kuketi mlangoni.