Mbuzi wa Kunirudisha

"Kivuva ameacha pombe, hata ameokoka. Anaimba kwaya kule Mutomo," mama aliniambia akifagia uwanja wetu hapa Kasikeu.

Siku hiyo Kivuva, mume wangu, angeleta mbuzi, jinsi desturi inavyomtaka mume aliyempiga mkewe. Mbuzi akipokelewa, mimi na mtoto wetu Kalekye tungerudi kwake.

"Ilikuwa pombe, Mutanu. Si yeye."

Nilitaka sana kuamini. Nguo za mtoto nilikuwa nimeshazipanga kwenye begi.

Nilikuwa nyuma ya tangi la maji nikichota walipotokea: Kivuva na shati jeupe, anavuta mbuzi, na mdogo wake Muindi nyuma, amelewa chakari, akisalimia hata miti.

"Wenye boma! Tumeleta bwana, lakini mwenye sura nzuri ni mbuzi!"

Nikajikuta nacheka peke yangu.

Kufika langoni mbuzi akalala chini, akagoma. Kivuva akavuta kamba. Wapi! Nikaona taya lake likikaza. Hakutukana. Aliangalia huku na huku, hakuniona, akampiga mbuzi teke la tumbo. Akampiga tena, polepole, kama mtu anayepalilia shamba lake.

"Wee, si mbuzi tu huyu? Amechoka kama mimi," Muindi alisema akipepesuka. Akamwondoa ndugu yake kwa bega, akachuchumaa, akampangusa mbuzi vumbi machoni. Kisha akambeba mabegani. "Twende, babangu. Usilie."

Hawa wawili walikuwa wakinywa pombe ya kaluvu kwa kibuyu kimoja. Muindi akilewa alikuwa anaimba mpaka analala. Kivuva alikuwa ananitafuta.

Alinyoosha shati, akaingia akitabasamu, nami nikaenda kusimama karibu na mama.

"Mutanu wangu. Sinywi tena. Nusa mdomo, kama huamini."

Nikanusa. Dawa ya meno tu.

"Si umeona?" mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Leta begi, mwanangu."

Kalekye alikuwa ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili.

"Mwaitu," nilimwambia mama, "mbuzi arudi naye."

Kivuva aliendelea kutabasamu, lakini taya lilikuwa limekaza tena.

"Shemeji..." Muindi alianza. Alimtua mbuzi chini taratibu.

Niliingia ndani, nikaanza kutoa nguo za mtoto kwenye begi, moja moja. Nje walikuwa wanashika njia ya kurudi. Mbuzi alilia mara moja langoni, na Muindi hakuwa akiimba.